Mtoto wa Chui Arudipo Porini

*(Hotuba hii ilisomwa na mwanachama mwenzetu, Bwana Nyama mstaafu, katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika Kwala. Tunaichapa kama alivyoisoma, pamoja na baadhi ya maswali aliyoulizwa. – Mhariri)*



Katibu ameniomba nizungumzie kazi niliyoifanya tangu nilipoondoka shuleni, yaani kazi ya wanyama pori. Kazi hiyo ni pana, na muda niliopewa ni mfupi, maana naona wapishi wameshaanza kutuangalia. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu: mtoto wa chui akishalelewa na watu, anarudishwaje porini?

Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hilo linawahusu nini. Naomba mtazame tulipoketi. Wakati sisi tukiwa wanafunzi, Kwala ilikuwa pori na vijiji vichache. Leo ipo barabara ya zege kutoka Vigwaza, na tarehe 31 Julai 2025 ilizinduliwa hapa Bandari Kavu. Viwanda vinajengwa. Wengi wetu tumenunua mashamba upande huu wa Kibaha, na wengine upande wa Kisarawe. Pori linafyekwa kila mwaka, kwa mashamba, kwa viwanja na kwa mkaa. Iliyobaki ni misitu ya hifadhi kama Ruvu Kusini, Pugu na Kazimzumbwi, na vichaka vilivyo katikati.

Afyekaye pori hukutana na wenyeji wake. Siku moja kijana wako wa shamba anaweza kukupigia simu na kusema, "Mzee, tumeokota watoto wa paka wakubwa, wana madoadoa, mama yao hayupo. Tuwafanyeje?" Jibu utakalompa katika dakika zile tano ndilo litakaloamua maisha ya mnyama yule, na pengine maisha ya mtu pia. Ndiyo sababu naona inafaa tulizungumze leo, kabla simu haijalia.

Chui ni mnyama wa namna gani

Kwanza tusimchanganye chui na duma. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, na mistari miwili kama ya machozi kutoka machoni hadi kinywani. Chui madoa yake yamejipanga kama maua, ana mwili mzito zaidi, na hupanda miti akiwa na mzigo wa nyama mdomoni.

Chui si simba pia. Simba huishi kwa ukoo. Chui huishi peke yake. Dume na jike hukutana siku chache za kupandana, kisha kila mmoja hushika njia yake. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi mitatu na kidogo, na kwa kawaida huzaa watoto wawili au watatu katika pango, kwenye mawe au ndani ya kichaka kinene. Huzaliwa macho yakiwa yamefumba. Mama huwaficha na kwenda kuwinda, na anaweza asirudi kwa siku nzima au zaidi. Naomba hilo tulishike sana: mtoto wa chui aliye peke yake kichakani si lazima awe yatima. Mara nyingi mama yake yuko kazini.

Watoto hao hunyonya kwa miezi mitatu hivi, wakijifunza kula nyama polepole. Baada ya hapo hukaa na mama yao mpaka wafikishe mwaka mmoja na nusu, pengine karibu miwili. Hiyo ndiyo shule yao, nayo ina mwalimu mmoja tu.

Je, shuleni hapo anafundishwa nini? Wengi hudhani anafundishwa kuwinda. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini kunyemelea anazaliwa nako. Hata paka wa nyumbani aliyekunywa maziwa ya kopo tangu utotoni akimwona panya atajikunyata na kumvizia. Somo kubwa zaidi ni kuwajua maadui: simba, fisi, chui dume wenye eneo, na mtu. Mtoto aliyelelewa na mama yake humwona mama akijificha kila asikiapo sauti ya mtu, naye hujificha. Mtoto aliyelelewa na mtu hujifunza kinyume chake: sauti ya mtu ni chakula, harufu ya mtu ni nyumbani.

Basi, ndugu zangu, shida ya kumrudisha chui porini si kumfundisha kuua. Shida ni kumfundisha kutomhitaji mtu. La kwanza ni la miezi. La pili ni la miaka, na kuna wanyama ambao hawakulijua mpaka kufa kwao.

Elsa na watoto wake

Mfano mkubwa wa kazi hii uko kwa jirani zetu wa Kenya. Wengi wenu mtakumbuka filamu ya simba Elsa iliyotoka mwaka 1966. Elsa aliletwa nyumbani kwa George na Joy Adamson mwaka 1956. George alikuwa Bwana Nyama wa upande wa kaskazini ya Kenya. Alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akakuta ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, na Elsa akabaki. Alifundishwa kuwinda, akaachiwa huko Meru, akapata dume na kuzaa watoto watatu.

Filamu inaishia pazuri, lakini mambo yaliendelea. Elsa alikufa Januari 1961, kabla hajatimiza miaka mitano, kwa ugonjwa wa kupe. Watoto wake walikuwa wadogo bado. Kwa kuwa hawakuwa na mwalimu tena, walianza kuua mbuzi wa wanakijiji. Mwaka huo huo ikabidi wakamatwe na kusafirishwa kwa gari mpaka kwetu Serengeti, wakaachiwa huko. Mnaona basi: hesabu ya kumrudisha mnyama mmoja haiishii kwake. Watoto wake nao wamo, na mbuzi wa jirani pia wamo.

Kisa cha Penny huko Shaba

Sasa nije kwa chui mwenyewe. Mwaka 1976 Joy Adamson alipewa mtoto wa chui jike mwenye umri wa wiki chache tu, akamwita Penny. Joy alikuwa amekwisha kulea simba na duma, na kwa miaka mingi alitamani kumjua chui. Alimpeleka katika Hifadhi ya Shaba, Isiolo, nchi kame yenye chemchemi na vilima vya mawe. Alipiga kambi huko na kuishi naye.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Kila siku ni kutembea naye porini, kumwacha anuse, apande miti, akimbize ndege na wanyama wadogo. Alivalishwa ukanda wa shingoni wenye redio ili aweze kufuatiliwa hata akiwa haonekani. Mwanzoni alikuwa akipewa nyama. Kadiri alivyoweza kujitafutia, ndivyo alivyozidi kuonekana kwa nadra. Kwa anayempenda mnyama wake hicho ndicho kipimo kigumu: mafanikio yanahesabiwa kwa siku ambazo hukumwona.

Penny alipata dume wa porini, na mwaka 1979 akazaa watoto wawili. Kwa mtu wa kazi yetu hicho ndicho cheti cha kumaliza shule. Mnyama akijilisha, akishika eneo lake, akazaa na kulea, huyo amerudi.

Tarehe 3 Januari 1980 Joy alikutwa ameuawa karibu na kambi yake. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha kuwa majeraha hayakuwa ya mnyama, na baadaye mtu aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alihukumiwa kwa mauaji hayo. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja. Mnyama aliyezoea watu hubeba lawama hata ya kosa asilolitenda.

Gharama yake

Nisije nikaonekana ninasimulia upande mmoja tu. George Adamson aliendelea na kazi hii kule Kora tangu mwaka 1970 mpaka alipouawa na majambazi mwezi Agosti 1989. Mmoja wa simba wake, jina lake Boy, alikuwa amecheza katika filamu ile na amezoea watu mno. Mwaka 1971 Boy alimuua msaidizi wa kambi ya George, naye George akalazimika kumpiga risasi simba aliyemlea. Mwaka 1975 simba mwingine alimjeruhi vibaya Tony Fitzjohn, aliyekuwa msaidizi wa George. Fitzjohn alipona, akafanya kazi na chui pia huko Kora, na mwaka 1989 akahamia kwetu Mkomazi, ambako alishiriki kurudisha faru na mbwa mwitu.

Huko India alikuwepo mkulima mmoja, Arjan Singh, aliyeishi kando ya msitu wa Dudhwa. Katika miaka ya 1970 alilea chui watatu: dume Prince, na majike Harriet na Juliette. Harriet alizaa msituni. Mafuriko yalipokuja, aliwabeba watoto wake kwa mdomo mpaka nyumbani kwa Singh. Maji yalipopungua alitaka kuwarudisha, akampakia mtoto katika mtumbwi wa Singh, akangoja avushwe. Ni kisa kizuri, nami hukipenda. Lakini kitazameni kwa jicho la jirani wa Singh. Huyo ni chui wa porini mwenye watoto, naye bado anaona jiko la binadamu kuwa ni mahali pa kukimbilia. Singh alikuwa akiishi kando ya msitu. Je, angekuwa Kwala, Harriet angeingia jiko la nani?

Singh huyo huyo alimwachia pia chui milia jike, Tara, aliyetoka katika bustani ya wanyama ya Twycross, Uingereza. Muda si mrefu watu wakaanza kuuawa kandokando ya msitu. Mwaka 1980 alipigwa risasi chui milia jike, na maofisa wakasema ndiye Tara. Singh alikataa mpaka alipofariki mwaka 2010. Ubishi huo haukwisha, na kila mtu anayetaka kuachia mnyama hana budi kuukumbuka.

Wengine husema, basi mkamateni tu mkamtupe mbali. Nalo limekwisha jaribiwa. Wilayani Junnar, jimbo la Maharashtra, chui walikamatwa kwa wingi katika mashamba ya miwa wakahamishiwa misituni. Mtaalamu Vidya Athreya na wenzake walifuatilia. Mashambulizi dhidi ya watu karibu na misitu ile yalikuwa wastani wa 4 kwa mwaka. Baada ya uhamisho kuanza mwaka 2001 yalifikia 17 kwa mwaka. Chui aliyetupwa mahali asipopajua, penye wenyewe, hutanga ovyo, na anayetanga ndiye hugongana na watu.

Hatua zinazotakiwa

Kutokana na visa hivyo na vingine, wataalamu hufuata utaratibu ambao nitaueleza kwa kifupi.

Kwanza, walezi wawe mmoja au wawili tu, wala asionyeshwe wageni. Kila mtu anayemshika mtoto yule anampunguzia woga anaouhitaji.

Pili, asiwekwe pamoja na mbwa na paka wa nyumbani, maana huambukizana magonjwa.

Tatu, chakula chake kifuate maumbile. Baada ya maziwa apewe nyama yenye ngozi, manyoya na mifupa, si mnofu wa buchani. Kamwe asipewe mbuzi wala kuku aliye hai, kwani hilo litakuwa somo ambalo mwenye mbuzi atalilipia.

Nne, boma lake lijengwe mahali pale pale atakapoachiwa, akae humo kwa miezi, apazoee kwa harufu na sauti. Mahali hapo pawe na maji, pongo au digidigi au swala wa kutosha, miti ya kukimbilia simba na fisi, na pawe mbali na mifugo. Ichunguzwe pia kama hakuna chui wengine waliokwisha kupajaza.

Tano, mlango ufunguliwe wakati ameshafikia umri ambao mama yake angemwacha, si kabla. Chakula kiendelee kuwekwa na kupunguzwa kidogo kidogo, naye afuatiliwe kwa ukanda wa redio kwa mwaka au zaidi.

Sita, awepo mtu mwenye mamlaka na moyo wa kusema, "Huyu hafai." Chui anayewafuata watu kila mara haachiwi. Atamalizia maisha yake ndani ya uzio, nayo si neema. Ni deni la siku ile alipookotwa.

Hesabuni wenyewe: miaka miwili au mitatu, gari, watumishi, daktari, nyama ya kila siku, na eneo la porini. Yote hayo kwa chui mmoja, ambaye mama yake angemlea bure.

Sisi wa Kwala tufanye nini

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ile simu ya kijana wa shamba.

Mwambie asiwaguse. Aondoke pale yeye na wenzake, waondoe mbwa, na wasimamishe kufyeka kichaka hicho. Chui jike ana desturi ya kuhamisha watoto, na akiona pametulia atawachukua usiku. Wasimngoje hapo, kwani chui mwenye watoto ni hatari kuliko wote. Kisha toa taarifa serikali ya kijiji na kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, ambaye atawaita watu wa TAWA.

Kama wameshaokotwa, wasinyweshwe maziwa ya ng'ombe wala kupelekwa mjini. Waitwe maofisa upesi, wawarudishe jioni ile ile mahali walipotolewa. Huko Maharashtra watoto wengi waliokutwa katika miwa wamerudishwa kwa njia hiyo, na mama zao wakawachukua ijapokuwa walishashikwa na watu. Huko ndiko kumrudisha chui porini kulikofanikiwa kuliko kote, na gharama yake ni kapu moja na usiku mmoja.

Sheria pia tuijue. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, kumkamata au kumfuga mnyama pori bila kibali ni kosa. Lakini mimi sikuja kuwatisha kwa sheria. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha hapo Pugu, alitamka mbele ya dunia kuwa wanyama hawa ni dhamana yetu. Dhamana hailindwi Serengeti peke yake. Inalindwa hata kwenye shamba la ekari tano la mstaafu.



Maswali

*Swali:* Mzee, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Chui akichukuliwa akiwa mdogo kabisa hawezi kuwa mpole moja kwa moja?

*Jibu:* Wahenga hao hao walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Anaweza kuwa mpole kwako wewe, miaka miwili. Hawi mpole kwa mtoto wa jirani anayekimbia, kwa sababu chochote kikimbiacho humwamsha. Upole wake ni mazoea na mtu mmoja.

*Swali:* Kijana wangu atatambuaje kama ni chui au ni mondo?

*Jibu:* Mondo ana masikio makubwa yaliyosimama na mwili mwembamba. Mtoto wa chui ana manyoya kama sufi, rangi ya majivu kidogo, na madoa yaliyosongamana. Lakini kijana wako asichutame kuchunguza. Jibu ni lile lile kwa wote wawili: awaache, arudi nyuma.

*Swali:* Na akishakula mbuzi wangu, nani ananilipa?

*Jibu:* Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa hasara ya mali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Toa taarifa mapema, mzoga usiguswe mpaka ofisa aje. Fedha yenyewe hailingani na thamani ya mbuzi, hilo sitakuficha. Kwa hiyo mbuzi walale ndani ya zizi lenye paa, maana ukuta peke yake chui huuruka. Na naomba sana, usitie sumu kwenye mzoga. Sumu haichagui. Itamuua chui, itaua fisi, itaua tai, na mbwa wako atakuwa wa mwisho.